Aliyeelewa kwa Niaba ya Wananchi

Karatasi ililetwa Jumanne, na kufikia Alhamisi ilikuwa imeshatiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, kati ya picha ya Bikira Maria na ile ya marehemu Marselo. Fremu yenyewe ilikuwa ya picha ya arusi ya Olandina na Zeferino. Bwana na bibi arusi waliviringishwa wakawekwa juu ya kabati, maana arusi, alisema mama mkwe wa Olandina, kila mtu anayo.

Aliyeipokea ndiye huyo huyo mama mkwe, Bibi Kustódia. Mtu wa pikipiki alimkabidhi mlangoni akaondoka bila hata kuzima injini. Bibi akavaa miwani ya Marselo, marehemu mumewe, akaitazama karatasi toka juu hadi chini: nembo ya serikali, muhuri wa bluu, jina la familia ya Marselo katikati, na yote yaliyobaki Kireno kitupu. Hakuhitaji zaidi. Miaka kumi na mmoja nyuma walipeleka faili la Marselo, aliyekuwa akiwabebea wapiganaji chumvi na betri mlimani enzi za utawala wa Waindonesia, ili naye atambuliwe na taifa. Sasa jibu limekuja.

Wala haikuwa ujinga. Pale Dili, mji mkuu wa nchi yao, mtu akibatizwa cheti huandikwa Kireno, akioa Kireno, akipewa medali Kireno. Habari mbaya zilikuwa zikija kwa Kiindonesia, wakati ule, au zikisemwa kwa mdomo tu na mtu mwenye bunduki. Katika miaka yake sabini na sita Bibi Kustódia hakuwahi kuletewa balaa kwa Kireno. Yeye mwenyewe Kireno chake kilikuwa sala, pamoja na salamu mbili tatu alizookota alipokuwa akimfulia nguo mke wa luteni mmoja Mreno, kabla hata mwanawe Zeferino hajazaliwa.

Jioni ile Olandina alipotoka kazini alikuta majirani wamejaa barazani na kahawa imeshapikwa. Zeferino, mumewe, fundi wa pancha, alikuwa amenawa mikono mpaka viwiko, jambo ambalo hulifanya Pasaka tu. Akamwita mkewe ndani.

"Mama Zelia, wewe ndiye mtu wa ofisi," alisema. "Bibi kasoma sawasawa?"

Olandina akaitazama karatasi kwa muda ambao mtu anayesoma angeutumia. Juu kabisa aliliona jina la Idara ya Mipaka na Viwanja, idara ile ile anayofanya kazi. Kisha akajiambia kwamba serikali ni moja, na huenda karatasi za mashujaa siku hizi zinapitia kwao.

"Ni kama Bibi alivyosema," akajibu.

Siku ya pili angeweza kuuliza kazini, ni kweli. Ila kazini hapakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu kazini Olandina ndiye anayejua Kireno.

Mambo yalianza Februari, siku ya kikao cha kuchagua lugha. Katiba imeweka lugha mbili rasmi, Kitetumu cha wenyeji na Kireno cha wakoloni wa zamani, ikaziachia ofisi zijijue zenyewe. Kikao kiliendeshwa kwa Kitetumu. Tarakimu zilitajwa kwa Kiindonesia, kwa kuwa wote walijifunza hesabu kwa lugha hiyo. Kumbukumbu ziliandikwa kwa Kireno, na muhtasari ukapelekwa kwa wafadhili kwa Kiingereza. Hayo hayakumsumbua mtu. Kilichowakwamisha saa tatu nzima ni ilani zinazopelekwa majumbani kwa watu. Zikiandikwa kwa lugha zote mbili kurasa zinakuwa mbili, na wino wa printa ulikuwa umebaki robo. Bi Umbelina, mwanasheria, alisema mahakama husoma Kireno. Krisanto, karani wa masijala, alisema wanaopelekewa ilani si mahakama. Mkurugenzi Valdemar alikuwa amesoma Lisbon miaka tisa na hakupenda kusikia kwamba anadharau Kitetumu, kwa hiyo akasema basi waulizwe wananchi wenyewe. Mwananchi aliyekuwa karibu ni Olandina wa jikoni, ameshika sinia la kahawa.

"Dada Olandina, wewe ni mwananchi kama wenzako," mkurugenzi alisema. "Ilani ikikujia kwa Kireno, utaielewa?"

Watu kumi na wawili wakamgeukia. Wiki ya nyuma mfagizi alikuwa ameachishwa kazi kwa kukosa sifa, na sifa zenyewe hakuna aliyezitaja.

"Nitaelewa, mheshimiwa."

Neno "kidogo" alilisema akiwa ameshafika mlangoni, na halikuingia kwenye kumbukumbu. Kilichoingia ni kwamba wananchi walishirikishwa na wakaafiki. Mwezi uliofuata alipewa beji ya lugha mbili na kuwekwa mapokezi asubuhi. Jikoni akawa anarudi mchana. Watu wakija na swali la Kireno huwaambia wasubiri, kisha anamfuata Krisanto kwa kisingizio cha faili. Mpaka hapo hakuna aliyegundua, isipokuwa Krisanto, ambaye hakusema.

Sherehe ilifanywa Jumamosi. Zeferino alichinja nguruwe waliyekuwa wakimnenepesha kwa ajili ya kipaimara cha Zelia, binti yao. Zelia aliambiwa babu ni mmoja tu. Yalipikwa mahindi na maharage na majani ya maboga, samaki wakachomwa, na tembo la mnazi likaletwa kwa madumu. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya matairi.

Ikajulikana hapo kwamba karatasi kama ile zilifika nyumba zote arobaini na moja za mteremko ule. Majirani walikuwa hawajui wazifanyie nini. Mmoja aliifungia kwenye Biblia, mwingine alidhani ni ya chanjo ya mbwa. Waliposikia kwamba ya kwa Marselo imetafsiriwa na mtu wa ofisini, wakaelewa kwamba na zao ni hizo hizo. Hata hawakushangaa sana. Hapakuwa na nyumba pale isiyo na mtu aliyewahi kubeba kitu mlimani. Mama Brijida wa nyumba ya pili, ambaye mumewe wakati wa vita alikuwa akiuza sigara mjini, alisema sigara nazo zilikuwa zinahitajika.

Mgeni aliyetazamiwa kwa heshima ni mzee Hermenegildo, muuguzi mstaafu aliyesoma seminari kwa Kireno ujanani. Walimwomba asome karatasi kwa sauti kabla ya chakula. Mzee akasogea ukutani, akasoma kimya, akakohoa, akasema maneno hayo yana uzito, na mambo mazito husomwa baada ya kula. Akakaa. Akala mbavu, akaongezewa, akala na kichwa. Olandina, aliyekuwa akimpakulia, aliona kwamba mzee kila mara humtazama usoni halafu anatazama sahani.

Alipomaliza alikwenda kunawa penye pipa, akamwita.

"Binti yangu, nguruwe alikuwa mzuri sana," alisema. "Sasa niitie mumeo. Na yule mama mkwe wako mtafutie kiti chenye mgongo."

Karatasi ilisema kwamba ardhi yote ya mteremko, ambayo watu walijijengea baada ya mji kuchomwa mwaka tisini na tisa, ni mali ya serikali. Idara imeichagua ili ijenge ghala la kuhifadhia nyaraka, kwa sababu zilizopo, katika lugha nne, hazina tena pa kukaa. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya juu. Tarehe ya juu ilikuwa ya wiki tatu na siku mbili zilizopita.

Zeferino alihesabu kwa vidole. Zilibaki siku saba.

Watu waliondoka mmoja mmoja, kila mtu akishukuru kwa chakula, na waliobakiwa na nyama kwenye sahani waliomba wafungiwe.

Jumatatu asubuhi Olandina hakwenda mapokezi. Alikwenda masijala, akafunga mlango nyuma yake, akamweleza Krisanto yote. Krisanto alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kunoa penseli anapofikiri. Alinoa mbili.

Njia ipo, alisema. Kanuni zinasema ilani iliyotolewa kwa lugha wasiyoielewa waliopelekewa si ilani. Inafutwa, inatolewa upya, na siku zinaanza kuhesabiwa mwanzo. Tatizo ni kwamba faili lina kumbukumbu za kikao. Wananchi waliulizwa, wakasema wanaelewa.

"Wananchi gani?" Olandina akauliza, ingawa alijua.

"Ni mmoja. Ameandikwa kwa jina."

Ili ilani ifutwe, mwananchi huyo lazima atoe tamko kwamba siku ile alisema asichokijua. Krisanto alimwambia wazi kwamba beji itaondoka, na mapokezi hatayaona tena. Kuhusu kazi yenyewe, mkataba wa jikoni hudai mtu ajue kupika kahawa tu, lakini ukiisha Desemba, wa kuuongeza ni mkurugenzi.

"Na nyumbani wanajua?" Krisanto akauliza.

Olandina alisema nyumbani wanajua kwamba yeye ni mtu wa ofisi.

Aliwaambia siku hiyo hiyo saa kumi na moja, uwanjani, kwa sababu majirani walikuwa wameshakusanyika na hapakuwa na namna ya kumwambia mume peke yake. Alisimama karibu na matairi, akaeleza habari ya sinia, ya kikao, na ya jibu alilotoa. Alisema pia kwamba Jumanne ile aliliona jina la idara yake juu ya karatasi na akanyamaza.

Mama Brijida ndiye aliyeanza kusema.

"Kumbe tulikuwa na mbunge hapa," alisema, "na tunaazimana naye chumvi bila habari."

Watu wachache wakacheka, cheko lisilo na furaha. Mwingine akauliza kama mbunge ana marupurupu. Mwingine akataka kujua, kwa kuwa yeye ni mwakilishi, ni lini atawatembelea wapiga kura wake. Olandina aliyapokea yote akiwa amesimama. Zeferino alikuwa amechutama akizungushazungusha gurudumu la pikipiki ya mtu, lisilohitaji kuzungushwa.

"Nguruwe wa kipaimara," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Ungeniambia hata usiku wa Ijumaa, mama Zelia, nisingemchinja."

Hapo Bibi Kustódia akatoka ndani na kile kiti chake chenye mgongo, akakiweka katikati ya watu, akakaa.

"Aliyeisoma ni mimi," alisema. "Mbona mimi hamniulizi?"

Watu walianza kwenda zao.

Tamko lilitolewa Jumatano, ofisini kwa mkurugenzi. Krisanto alikuwa ameliandika kwa Kireno, kwa kuwa azimio la Februari lilisema nyaraka zote zinazohusu ilani ziwe kwa lugha ya ilani. Lilikuwa tamko zuri. Mkurugenzi Valdemar alilisoma mara mbili akaonekana ameumia.

"Dada Olandina, sisi tulikuamini."

"Najua, mheshimiwa. Nilikuwa nimeshika sinia."

Mkurugenzi hakuona sinia linaingiaje. Akampa Bi Umbelina karatasi aipitie kisheria. Bi Umbelina alifika mstari wa mwisho, akaondoa miwani. Mstari wa mwisho, kama ilivyo kwa matamko yote, ulisema: nimesoma hapo juu na nimeelewa. Chini yake ni nafasi ya saini.

"Akitia saini," alisema Bi Umbelina, "amekiri kwamba anaelewa Kireno, na tamko ni la uongo. Asipotia saini, hakuna tamko."

Walikaa na jambo hilo dakika arobaini. Krisanto alipendekeza tamko litafsiriwe kwa Kitetumu. Likaonekana haliwezekani bila kutengua azimio, na kutengua azimio kunahitaji tamko. Olandina aliambiwa aketi, kisha mkurugenzi akakumbuka kwamba hawajanywa kitu, naye Olandina akainuka kwenda kuwapikia kahawa. Aliporudi na vikombe, Bi Umbelina alikuwa amekipata kifungu. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika husomewa kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi, na badala ya saini huweka dole gumba.

"Lakini mimi najua kusoma na kuandika," Olandina alisema. "Nimefika darasa la tisa. Nilikuwa wa pili."

"Kwa lugha gani?"

"Ya wakati ule."

Bi Umbelina, ambaye naye alisomea chuo kwa Kiindonesia, lugha ya wakati ule, na mpaka leo huorodhesha vitu vya sokoni kwayo, aliitazama fomu kwa huruma. Palikuwa na viboksi viwili tu: anajua, hajui. Anajua ilimaanisha lugha rasmi kama ilivyochaguliwa na idara, yaani Kireno.

Olandina akafikiri juu ya mwalimu wake wa darasa la tisa, aliyekuwa akiuonyesha mwandiko wake kwa wanafunzi wengine. Akafikiri kwamba fomu hii itakaa kwenye faili, na faili halitatupwa, kwa kuwa idara hii haijawahi kutupa karatasi. Akafikiri na nyumba arobaini na moja, ikiwamo ya Mama Brijida.

Krisanto alimsomea tamko kwa Kitetumu, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Kisha akamfungulia kisahani cha wino. Olandina hakujua dole linabanwaje. Ikabidi Bi Umbelina amshike mkono, aligeuze kidogo kushoto, kidogo kulia, kama afanyavyo kwa wazee wa milimani. La kwanza lilichafuka. La pili likakubaliwa.

Beji aliivua mwenyewe. Mkurugenzi akaipokea, akaiweka kwenye droo, akasema kahawa ilikuwa nzuri.

Ilani ilifutwa. Idara ilikaa vikao vinne ikaazimia kwamba kuanzia sasa ilani za majumbani zitaandikwa kwa Kitetumu, na Kireno kitabaki kwenye nakala ya faili. Mtu wa pikipiki akapanda tena mteremko, akasimama nyumba zote arobaini na moja.

Safari hii haikuhitajika kumwita mzee Hermenegildo. Kila mtu alisoma mwenyewe, au alisomewa na mwanawe, na haikuchukua dakika tano. Ilani ilisema wazi kabisa kwamba mtahamishwa, mtaenda mahali patakapotajwa, na nyumba zitabomolewa, isipokuwa pingamizi zenu zikubaliwe. Wanawake wawili walilia. Bibi Kustódia alipomaliza kusomewa na Zelia, alisema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Fomu za pingamizi nazo zilikuja kwa Kitetumu, kurasa tatu, na nafasi ndogo sana ya kuandika sababu. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba kuielewa lugha ni jambo moja, na kuieleza nyumba yako kwenye mistari sita ni lingine. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Brijida, amekunja fomu chini ya kwapa, amevaa uso wa mtu aliyepita tu.

"Wewe mbunge," alisema, "hebu niandikie basi. Mkono wangu unatetemeka."

Haukuwa unatetemeka. Olandina alivuta meza akamwandikia. Siku ya pili walikuja saba, Jumapili baada ya misa wakajaa uwanja mzima. Zeferino alipanga matairi kuwa viti na kuwaita kwa zamu, akawa anawakaripia wanaorefusha hadithi, mistari ni sita tu. Walisimulia nani alichimba choo, nani alizikwa nyuma ya jiko, nani alipanda mti gani mwaka gani. Olandina alisikiliza, akachuja, akaandika. Mwandiko ulikuwa umenyooka kama ule wa darasa la tisa. Watu walikaa wakiutazama kabla ya kuondoka.

Ya kwao aliiacha mwisho. Kila mtu mzima wa nyumba alipaswa kutia saini. Zeferino akatia. Bibi Kustódia, aliyefundishwa na masista kuandika jina lake na si kingine, aliliandika lote, kubwa, likavuka mstari. Olandina akachukua kalamu, kisha akaiweka chini. Krisanto alikuwa amemwonya mapema kwamba faili lina mtu anayeitwa Olandina asiyejua kusoma wala kuandika, na fomu ikija na saini yake watasema ni mtu mwingine, na nyumba itakosa pingamizi. Hata kisahani cha wino ni yeye aliyemwazima.

Lakini kwa mwenye kuweka dole, fomu ilitaka jina la mtu aliyemsomea. Zeferino, aliyesoma kidogo tu, alisema aandike la Zelia. Zelia hajafika umri. Mama Brijida, aliyekuwa bado hajaondoka, alisema kumsomea mtu karatasi aliyoiandika mwenyewe ni mzaha, yeye hayumo.

"Leta hapa," alisema Bibi Kustódia.

Akavaa miwani ya marehemu. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama toka juu hadi chini, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka.

"Inasema hapa ni kwetu," alisema. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama," akajibu Olandina, akabana dole.